Harufu ya Mke Wangu Inauzwa Sultan Hamud

Jumapili, mwezi wa tisa, 1986. Jua kali. Vumbi. Roho mbaya tangu asubuhi.

Syombua alikufa mwezi wa nne. Mke wangu. Alikuwa anapalilia maharagwe, akaanguka, akafa hapo hapo kwa shamba. Tulimzika hapa Mbooni, chini kidogo ya nyumba. Hiyo imeisha.

Leo siandiki mambo ya kifo. Naandika mambo ya Kitheka.

Kitheka ni ndugu ya Syombua. Tumbo moja. Anauza bangi Sultan Hamud, nyuma ya fundi wa viatu, na kila mtu anajua isipokuwa pasta wake. Naandika kwa sababu nikiongea peke yangu hapa nyumbani, majirani wanasimama kwa njia wanasikiza. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Inatosha kuandika jina ya mtu unamchukia.

Kitheka. Kitheka. Kitheka.

Syombua alikuwa na vibuyu tatu vya maziwa. Alipewa na mama yake akiolewa. Alikuwa anachoma kijiti mpaka kinakuwa kaa, anaingiza ndani ya kibuyu, anazungusha, anafunika, anatikisa. Halafu anaweka maziwa, inalala, inaganda. Hiyo harufu ya moshi inaingia kwa maziwa, inaingia kwa mikono yake, inaingia kwa leso, kwa nywele. Mimi nikilala karibu na yeye nilikuwa nalala karibu na hiyo harufu. Sikuwahi kuiwaza. Nani anawaza harufu ya nyumba yake?

Kibuyu moja, ile kubwa, ilipasuka kando. Aliishona mwenyewe na waya nyembamba, mishono midogo midogo kama ya nguo. Haikuvuja tena.

Mimi napasua mawe kwa kwari ya Sultan Hamud. Nalala huko, napanda nyumbani mwisho wa mwezi. Syombua alikuwa ananitumia maziwa na lori ya maembe, ndani ya hiyo kibuyu ya mishono. Nikiifungua, nyundo zote zinanyamaza. Watu wanakuja na vikombe vyao bila kuitwa.

Tukimaliza kumzika, watu wa kwao walikuja. Wakasema vibuyu vilitoka kwa nyumba ya mama yao, na mwenyewe akifa vinarudi kwa hiyo nyumba. Kwao wanafanyanga hivyo. Nikasema chukueni. Mtu akiwa na kaburi mbichi hapo nje hawezi kubishana juu ya vibuyu. Mama yao alishakufa zamani, kwa hivyo vikaenda kwa kitinda mimba.

Kitinda mimba ni Kitheka.

Mwezi uliopita, saa ya chai, Nzioka alikuja kukaa na mimi kwa mawe. Tunapasua pamoja, ni mtu mzuri, mdomo tu ndio mingi. Akatoa kitu kwa soksi. Ilikuwa imefungwa na ganda kavu la mgomba, ikakazwa na uzi nyekundu. Akafungua.

Nikasikia Syombua.

Niligeuka. Kweli kabisa, niligeuka nikaangalia njia, nione kama anakuja na maziwa.

Nzioka akacheka. "Baba Ndinda, unaruka nini? Mimi si polisi."

"Hiyo umetoa wapi?"

"Kwani wewe unaishi wapi? Hii ni bangi ya kibuyu, ya Kitheka. Madereva wa Mombasa hawataki ingine. Nusa. Unaona? Hata hujawasha na uko kwenu."

Nilimwaga chai yangu nikarudi kwa mawe. Siku hiyo nilipasua kama mtu amelipwa kuua.

Tangu siku hiyo nilikuwa nahama. Nzioka akikaa, mimi naangalia upepo, nakaa upande mwingine. Yeye anafikiri ni mambo ya kanisa.

Wacha niseme huyu Kitheka alijifunza wapi kuuza na harufu. Zamani alitembea na lori ya sinema ya kampani moja ya sabuni. Ile lori ilikuwa inakuja sokoni, wanafunga kitambaa nyeupe, watu wanaona picha bure. Lakini kabla ya picha, Kitheka alikuwa anapita na kipande cha sabuni, anakipitisha chini ya pua ya kila mama. Haongei. Anapitisha tu. Halafu muziki. Halafu picha. Kesho yake duka haina sabuni.

Hiyo kazi iliisha. Akili haikuisha.

Jana tulitoka kazi mapema. Nikaenda kwake. Nilikuwa nimeamua mambo mawili. Moja, nichukue ile kibuyu ya mishono. Mbili, Jumatatu niende kwa chifu nimseme. Nilikuwa nimepanga hata maneno.

Nilimkuta na turniboi wa lori, kijana wa kusaidia dereva, amekaa mbele yake kama mtu anangoja kunyolewa. Sikuingia. Nilisimama kwa ukuta nikaangalia. Nilitaka nione.

Kitheka alikuwa na ile kibuyu kwa magoti, imejaa bangi. Hana haraka. Kwanza akachukua mkono wa turniboi, akapitisha kidole chake kwa mishono. "Sikia hiyo," akamwambia. "Ukikosa kusikia mishono, jua umeuziwa nyasi." Halafu akang'oa kifuniko, polepole, ikalia kama ulimi wa mtoto anayenyonya. Huyo kijana akameza mate. Halafu Kitheka akazungusha mdomo wa kibuyu chini ya pua yake, mara moja tu, akaiondoa. Kijana akafunga macho. Hajaona hata jani moja na mkono umeshaingia mfukoni.

Huyo kijana alikuwa ananusa nyumba yangu.

Nikaingia.

"Shemeji!" Kitheka akasema. "Karibu. Umetuletea kokoto?"

"Nimekuja kuchukua hiyo kibuyu."

"Ingia laini kama wengine."

Turniboi akacheka. Nikamwangalia, akawacha.

"Hiyo ni ya Syombua," nikasema.

"Ilikuwa ya mama yangu kabla wewe hujajua kuoga."

"Uza bangi yako kwa karatasi kama wezi wengine."

Hakukasirika. Hiyo ndiyo mbaya ya Kitheka, hakasiriki. Akaanza kunifundisha. Mimi!

"Shemeji, bangi ni bangi. Yangu, ya huyo anauza Emali, zote zimetoka shamba moja. Mtu hanunui majani. Ananunua ile kitu inamfanya afunge macho. Na unajua Emali wanafanya nini? Kuna mjinga ametoboa kibuyu nzima, haina ufa, akaishona na waya, ndio ifanane na hii yangu! Watu wakaenda, wakanusa, wakarudi hapa mbio. Mishono anaweza kuiba. Harufu atatoa wapi?"

Alikuwa anasema na furaha, kama mtu mtoto wake amepita mtihani.

Nikamwambia, "Dada yako yuko chini ya mchanga na wewe unamuuza kwa maturniboi."

 Akafuta mdomo wa kibuyu na kidole.

"Hapa anakumbukwa kila siku," akasema. "Kwako nani anamkumbuka? Wewe na kuku?"

Niliishika. Yeye pia akaishika. Tukavutana kama watoto, wazee wawili, kibuyu katikati. Akaachilia yeye kwanza. Aliogopa itapasuka. Mimi sikuogopa, na hiyo sasa inaniuma.

Nikaigeuza nikamwaga yote chini. Turniboi akapiga magoti haraka kuliko mtu wa kanisani, anaokota na mchanga.

"Enda nayo," Kitheka akasema. "Niko na zingine mbili."

Nikatoka. Nikiwa kwa njia, akapiga kelele nyuma yangu kama mwalimu anajua jibu, fundi wa viatu na watu wake wote wakasikia:

"Shemeji! Ni mti gani? Umekula hayo maziwa miaka hiyo yote. Sema basi, alikuwa anatumia mti gani?"

Nikakaza mwendo.

Sikuwa najua ni mti gani.

Nilipanda lori ya maembe mpaka huku. Kibuyu niliweka kwa gunia, gunia kati ya miguu. Njia yote ilikuwa inanuka. Bangi na Syombua, Syombua na bangi, kama watu wawili wamelala kwa blanketi moja.  Nilikuwa na neno moja kwa kichwa. Kuosha.

Ndinda alikuwa hapa. Huyo ni mtoto wetu, ameolewa Kabati, alikuja Ijumaa kunipuria maharagwe. Mahali mama yake aliwachia kupalilia, yeye ndiye alimalizia. Alikuwa ameenda mtoni. Hata sikungoja. Niliwasha moto, nikachemsha sufuria kubwa, nikamwaga ndani ya kibuyu na majivu na mchanga. Nikatikisa. Nikamwaga. Nikarudia. Maji ilitoka kijani, halafu kahawia, halafu nyeusi. Ile nyeusi ilinifurahisha. Nilisema uchafu wa Kitheka unatoka. Nikatafuta gunzi ya mahindi nikasugua ndani mpaka maji ikatoka safi.

Ndinda akatokea na mtungi kwa mgongo.

"Baba, unafanya nini?"

"Naosha."

"Na maji moto?"

Nikamwonyesha sufuria.

Akatua mtungi. "Mama hakuwahi kuosha na maji moto. Alikuwa anapangusa tu. Ile nyeusi ndani si uchafu, baba. Ile ndiyo ilikuwa yenyewe."

Niliweka pua kwa mdomo wa kibuyu. Bangi haiko. Ilikuwa imetoka yote.

Syombua pia haiko.

Inanuka maji. Inanuka kama ukuta ikinyeshewa.

Leo sikuenda kanisa. Niliamka nikaenda kukata vijiti. Nilikata mgunga. Nilikata mpera. Nilikata kila mti niliona Syombua akipita karibu. Nikachoma, nikaingiza, nikazungusha, nikafunika, nikatikisa, vile niliona yeye akifanya. Ndinda alikuwa ananiangalia kutoka jikoni. Nikafungua tukanusa sisi wawili. Nyumba imeungua. Hiyo ndiyo harufu. Nyumba ya mtu imeungua na watu wametoka.

Nikamuuliza Ndinda ni mti gani.

"Sijui."

"Wewe ni msichana wake, unakosaje kujua?"

"Alikuwa anaenda peke yake, asubuhi, anarudi na vijiti kwa leso. Alisema atanionyesha siku nikipata ng'ombe wangu mwenyewe."

Ndinda hana ng'ombe. Ananunua maziwa kwa jirani, anaweka kwa thamosi.

Nilitaka kumkasirikia. Lakini huo mti ulikatwa mlimani kwangu, ukachomwa jikoni kwangu, nikaunywa kwa maziwa tangu nikiwa kijana. Sikuuliza hata mara moja. Nilikuwa nasema tu, lete kikombe.

Ndinda ameondoka saa nane. Kabla ya kwenda alikausha kibuyu kwa leso, akaning'iniza kwa msumari wake wa zamani, mdomo wazi. Aliniambia, "Usiweke kitu ndani, baba." Niweke nini?

Sasa nimekaa hapa na hesabu yangu ni hii.

Kuna mtu mmoja tu aliye hai anajua huo mti, na ni Kitheka. Alionyeshwa na mama yao, wote wawili walionyeshwa, kwa sababu walikuwa wanachunga pamoja. Anaukata kila wiki. Anatia moshi vibuyu viwili vya dada yake, na kesho akitaka atatia kumi. Kama nataka kusikia mke wangu tena, iko mahali moja, nyuma ya fundi wa viatu, kwa mkono wa mwizi.

Na ile maneno nilipanga ya chifu?

Nikienda kwa chifu, askari watakuja. Watamchukua Kitheka, na vibuyu watachoma pamoja na bangi yake, kwa uwanja, watu wakiangalia. Nimeona wakifanya hivyo. Basi hapo Syombua atakuwa amekufa mara ya pili, na mimi ndiye nimeita.

Nisipoenda, vijana wataendelea kufunga macho. Huyo turniboi ni wa rika ya kijana ningekuwa naye. Akiwa dereva, atalala kwa usukani siku moja na harufu ya nyumba yangu kwa pua.

Namchukia Kitheka. Namchukia na hiyo sauti yake ya kufundisha. Namchukia kwa sababu alisema ukweli mbele ya watu. Hata nikimchukia mpaka nizeeke, haitaniambia ni mti gani.

Sitaenda kwa chifu. Na kumuuliza Kitheka, pia siwezi. Mdomo hautafunguka. Najijua.

Jua limeshuka. Nimenusa kibuyu tena sasa hivi, sijui kwa nini. Maji.

Kesho saa ya chai Nzioka atakuja kukaa kwa yale mawe, atatoa soksi yake, atafungua ganda. Asubuhi upepo wa huko unatoka upande wake. Mwezi mzima nimekuwa nahama.

Sijui kama nitahama.

Kesho narudi kazi.