Binti wa Pili na Jina la Bibi wa Endabash

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili, mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, mwenyeji wa Machame, darasa la saba tu lakini nimebeba Wazungu wa mataifa kumi na tisa na Kijerumani cha kuombea radhi ninacho, na kwa kupiga nao soga nikagundua watu wakubwa duniani majina yao yote mawili huanza na herufi moja, nami ni Mathias Mallya, na binti wa kwanza tulimpa jina la mama yangu kama ilivyo desturi kwetu, Marieta Mallya, linateleza kama gari jipya, sasa kazaliwa wa pili wa kike, na kwetu huyo huchukua jina la mama wa mke, ila mkwe wangu anaitwa Brigita, na Brigita Mallya jamani halichezi, basi nikaenda kliniki nikaandikisha Melodi Mallya, nikarudi na kreti ya soda nikatangaza sebuleni, mkwe akaniuliza taratibu, "Baba Marieta, huyu si Brigita?" nikacheka nikamwambia, "Mama, hilo la kizamani, huyu atapanda ndege." Akakunja shuka lake, akasema anakwenda kwake Endabash kuangalia ng'ombe, hajarudi.

Kuna jambo naona haya kuliandika. Siku mke wangu Lusia anajifungua nilikuwa kreta ya Ngorongoro na wageni, mvua za Elnino zimekata barabara, mtoto katoka kimya, na huyo mkwe ndiye aliyempulizia pumzi mdomoni mpaka akalia. Lusia ananipakulia chakula vizuri tu, lakini Melodi hamwiti. Anasema "huyu". Ubatizo ni Jumapili. Nifanyeje?

Mathias Mallya, Karatu

Baba Marieta,

Nilicheka mpaka kwenye kreti ya soda, kisha nikaacha. Desturi ya kwenu uliikumbuka ilipompa mtoto jina la mama yako, ukaisahau ilipofika zamu ya mama wa mwenzako. Na huyo mama hakukuomba ng'ombe, hata shukrani hakuomba. Aliuliza tu, nawe ukamcheka mbele ya binti yake.

Najua si roho mbaya, mtu mwenye roho mbaya asingeandika ule mstari wa pumzi. Basi fanya hivi. Alhamisi usichukue wageni. Nenda kliniki, mwambie nesi ulikosea, akuandikie kadi upya. Kisha mpakie Lusia na watoto, beba blanketi zuri, mwende Endabash wewe mwenyewe, usitume salamu kwa dereva mwenzako. Ukifika kaa unapoonyeshwa, hadithi za Wajerumani ziache garini. Mwekee mtoto mapajani useme, "Mama, Brigita amekuja kukuona. Nilikosa." Halafu funga mdomo, najua itakuuma. Akinyamaza, nawe nyamaza. Mwombe Jumapili awe yeye wa kumbeba mtoto kanisani.

Hizo M mbili zichore kwenye gari.

Na siku utakayomsikia Lusia jikoni akisema, "Brigita, njoo unyonye," usiingie na utani. Toka nje ukapanguse vioo vya gari.