Chupa za Harusi ya Afra

Haselried, 9 Septemba 1956

Baba mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Masista wanakulisha vizuri huko milimani? Sisi wazima, ila mimi usingizi sina.

Bia ya harusi ya Afra nimeipika mwenyewe, ile nyeusi ya ngano, kwa kimea na kipimo ulichoniachia. Jana niliionja. Inanukia ndizi mbivu na karafuu, rangi ni ya ganda la mkate ulioiva sana, povu linasimama. Lakini mwishoni ulimi unabaki na utamu ambao bia yako haikuwa nao. Nilipomwambia dada Afra akanicheka: "Wewe naye! Tamu ndiyo nzuri, mama mkwe atalamba glasi." Basi leo nimejaza chupa mia mbili, nimezifunga vifuniko vya waya, ziko ghala la chini. Zimebaki wiki tatu. Nimekosea, baba? Wageni wakiitema mbele ya kijiji kizima nitajificha wapi?

Binti yako, Zenzi

TELEGRAMU, 13 Septemba
UTAMU NI SUKARI HAMIRA HAIJAMALIZA. CHUPA ZITALIPUKA. MTU ASISHUKE GHALANI. BABA

Hospitalini, 13 Septemba

Zenzi mwanangu,

Marahaba. Mimi ni kukohoa tu. Telegramu imeshaondoka. Umefunga chupa mapema mno. Hamira bado inakula sukari humo ndani na hewa haina pa kutokea. Mwenzangu wa kazi alipoteza jicho kwa chupa moja. Wewe unazo mia mbili.

Subiri alfajiri, baridi ikikaza. Vaa kofia yangu ya nyuki yenye wavu na koti la ngozi. Funika makreti kwa magunia yaliyolowa. Fungua kila kifuniko taratibu, chupa ipumue, ufunge tena. Afra asikaribie, huyo hana subira. Nijibu leo hii.

Baba yako

Hospitalini, 18 Septemba

Zenzi,

Siku tano, kimya. Kila posta ikija nashuka ngazi ambazo daktari amenikataza. Kama kuna aliyeumia, nitajie jina. Usinifiche.

Baba

Haselried, 18 Septemba

Baba,

Nisamehe, sikuwa na mkono wa kuandikia.

Telegramu ilipofika, Afra alikuwa ameshashuka kumchukulia mchumba wake Xaver chupa ya kuonja. Nimeshika karatasi mkononi, nikasikia mlipuko. Wa pili. Halafu mfululizo. Nikaita, "Afra! Afra we!" Xaver alitaka kushuka, nikamng'ang'ania shati mpaka likachanika. Ndipo sauti ikatoka chini kama ya mtu aliye kisimani: "Nimejifunika pipa! Msije!" Tulikaa juu robo saa tukisikiliza vioo vikigonga lile pipa, na yeye yumo ndani.

Ametoka na jeraha begani, nyuzi sita. Aliniangalia akasema, "Kumbe huo ndio utamu wenyewe." Nikalia, naye akalia.

Barua yako ilipofika, alfajiri yake nilivaa kofia yako nikashuka. Zilibaki chupa mia moja arobaini na moja. Nilizifungua moja moja, na kila moja nilidhani ndiyo itakayoniua. Waya ulinichana kiganja. Sitapika tena.

Zenzi

Hospitalini, 11 Oktoba

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia kiganja kimepona. Mimi kifua kile kile.

Xaver na Afra wameniletea chupa waliyoibakiza harusini. Sista Adelgund alijificha nyuma ya mlango. Mimi niliifunika taulo, nikafungua nimefumba macho. Ikapumua tu. Nikanywa. Utamu umeisha, umebaki mkate na karafuu, na koo limetulia vizuri baada yake. Nilimpa Sista kidogo, akarudi na kikombe kikubwa zaidi.

Daktari amesema nisitarajie kurudi kabla ya kiangazi, na hakunitazama aliposema. Kwa hiyo bia ya Pasaka ni yako. Usifunge chupa mpaka siku ya tisa, na uonje kila siku. Ukiogopa, onja tena. Hata mimi naogopa hadi leo.

Baba yako