Kile Chumba Kilikuwa na Dirisha

Jumatano, Al-Rawdah, Jeddah

Tumerudi kutoka Marekani tangu juzi, na ile nyumba bado imenikaa kichwani.

Iko kilimani, katikati ya makaburi ya wanajeshi, mawe meupe mpaka macho yanachoka. Zamani ilikuwa ya tajiri mwenye mashamba; siku hizi watu huenda kuitazama tu. Madam, bosi wangu, alitaka picha kwenye zile nguzo nene. Mimi nilimbeba mtoto mdogo na mkoba wa nepi, kama kawaida.

Nyuma ndiko kulikonimaliza. Kuna vyumba vya watumwa, vimetunzwa pamoja na vitanda vyake na sufuria zake. Nilisoma kibao mpaka mwisho. Reem, binti mkubwa wa Madam, akamuuliza mamake hapa alikuwa akilala nani.

Madam akajibu haraka, "Khadama, habibti." Mfanyakazi wa nyumbani. Ndilo neno analoniitia mimi wageni wakija.

Reem akafurahi, akanishika mkono. "Zuena, ni kama chumba chako! Lakini hiki kina dirisha."

Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemfunza kuongea, hata shikamoo anaijua. Nikacheka. Yaani nilicheka, Mungu wangu, kisha nikainama nikamfunga kamba za viatu.

Leo mama amepiga simu kutoka Malindi, anataka kujua Marekani kukoje. Nikamwambia kuzuri, kuna maua mengi.

"Na huko kwa bosi, mwanangu, unalala pazuri?"

Nikamwambia mtandao unakatika.