Mlima Ulio Juu ya Nyumba Yetu Hauna Tena Visiki

Mpendwa Baba Neema,

Mvua zimeanza, nami siwaruhusu watoto waende mbali nami. Uliponiacha mjane, mlima ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Uvira bado ulikuwa na visiki. Leo hauna hata kimoja.

Unakumbuka tulipochoma matofali ya nyumba hii? Miti uliikata palepale juu, nami nikikuletea ugali na sombe ya majani ya mihogo, uso wako mweusi kwa moshi. Nikakutania kwamba nimeolewa na chungu cha maharagwe. Ukacheka, kisha ukawageukia wenzako waliokuwa wakichimba mizizi: "Muache visiki! Miye nakata muti, siui muti. Kisiki iko mama, itazala tena."

Vikachipua kweli, ila machipukizi hayakupewa muda. Waliokimbia vita huko Rurambo walifika mikono mitupu, wakahitaji kuni. Wengine wakalima mihogo kwenye mteremko. Mjini kila jiko lilitaka makala, makaa ya miti. Miti ilipoisha wakachukua vichaka, kisha wakarudia visiki, maana makala ya kisiki hukaa sana motoni. Nilikasirika, lakini ningemgombeza nani? Mwenye njaa hana miiko.

Sasa udongo hauna cha kuushika. Juzi mvua ilinyesha mlimani mchana kutwa, na mto wetu, badala ya kunguruma, ukanyamaza. Neema akatoka mbio: "Mama, mayi imeenda wapi?" Nilijua udongo umeporomoka huko juu na kuziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Tukakimbia miguu mitupu hadi kanisani. Kisha maji yakashuka na mawe, yakabeba jiko la jirani yetu Mama Riziki pamoja na mbuzi wake. Kwetu yaligonga ukuta tu.

Tangu hapo, mto ukipiga kelele naogopa, ukinyamaza naogopa zaidi.

Dada yako wa Mutarule ametuita. Huko nako kuna hofu yake, ya bunduki, unaijua. Mama Riziki ananisuta: "Weye, unaacha namna gani nyumba ya marehemu? Iko ya matofali ya kuchoma!" Ni kweli, ni imara. Na miti iliyoichoma ndiyo ingetukinga.

Tunaondoka kesho asubuhi. Uliniachia nyumba niitunze, ukaniachia na watoto niwatunze. Mlima umenikatalia kutunza vyote kwa pamoja, nami nimechagua watoto. Usitutafute humo ndani.

Lala salama, mume wangu.

Ni mimi, mama wa watoto wako