Zamu ya Kashata

Markham, 17 Januari 1999

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila theluji ya juzi imefika madirishani. Wewe na Mama hamjambo?

Nakuandikia nikiwa na hofu. Mama Tahera, yule bibi wa Tanga ninayemtunza huku ughaibuni, tangu afiwe na mumewe roho yake yote iko kwa Kashata. Kashata ni fereti, yaani kicheche anayefugwa ndani ya nyumba. Usicheke. Anaumwa tezi iliyo juu ya figo. Mkia umebaki mtupu kama wa panya, na wiki hii anachuchumaa akilia, mkojo hautoki. Daktari wa wanyama anasema bila sindano ya homoni kila mwezi atakufa. Na akifa, Mama Tahera naye hatakaa sana.

Sindano yenyewe ni dawa ya binadamu, na chupa moja inamaliza mshahara wangu. Lakini dawa ya mtu mmoja inatosha fereti tisa. Basi nimewakusanya wenye fereti wa Markham na mji jirani wa Pickering, nikawafundisha mchezo wa akina mama wa kwetu. Kila mwezi tunachanga, tunanunua chupa moja, daktari anawachoma wote siku hiyohiyo. Wameshaanza kuniita mwenyekiti. Tuombee.

Mwanao,
Adelina

Kanyigo, 9 Februari 1999

Mwanangu Adelina,

Milele, amina. Mama yako hajambo, migomba inazaa vizuri. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu. Vicheche wamenimalizia kuku miaka yote hii, na wewe unawachangia dawa!

Kisha nikaacha kucheka. Huo mkojo usiotoka ninao mimi pia. Tangu Novemba nasimama nyuma ya nyumba mpaka miguu inakufa ganzi, yanatoka matone tu. Hospitali wamenipima: ni tezi dume, na ni kansa. Mama yako nimemwambia ni baridi. Daktari Eustache amenipa njia mbili. Kuna sindano ya kila mwezi, ambayo hapa haipo. Au wanikate, waondoe korodani zote mbili, kama beberu anayehasiwa.

Naogopa, mwanangu. Jina la dawa nimelinakili kwenye hiki kipande cha karatasi. Niulizie huko.

Baba yako,
Urbanus

Markham, 2 Machi 1999

Baba,

Nisamehe, salamu zimenikimbia. Jina uliloandika ndilo lililo kwenye chupa ya Kashata.

Chupa ya mwezi huu ilikuwa kabatini, unga mkavu, haijachanganywa. Niliichukua. Nilitaka kuificha kwenye begi la Nurudin, mpwa wa Mama Tahera, anayesafiri kuja Mwanza na Bukoba. Nikashindwa. Jumapili niliwaita wote nikawaambia. Mwanamke mmoja alimkumbatia mnyama wake akatoka nje. Wote wanajua mwezi mmoja bila dawa unaweza kufanya nini.

Mama Tahera ndiye aliyesema, "Mchezo ni mchezo, Adelina. Mwenye shida anatangulizwa. Mpelekee baba yako." Kashata alikuwa mapajani mwake, amelala kwa shida.

Nurudin anakuja na chupa. Tafadhali usikubali kisu. Ya mwezi ujao nitaipata, sijui kwa vipi.

Mwanao,
Adelina

Kanyigo, 24 Machi 1999

Mwanangu,

Salaam. Nurudin alifika juzi, tukala naye ndizi na samaki. Chupa niliipokea kwa mikono miwili, nikampelekea Daktari Eustache. Nikamwuliza, baada ya hii? Akasema nyingine. Na baada ya hiyo? Nyingine, mzee, mpaka mwisho wa maisha yako.

Nilimfikiria huyo mama wa Tanga akimsikiliza mnyama wake akilia kila mwezi kwa ajili yangu. Chupa nimemrudishia Nurudin, haijafunguliwa.

Jumatatu nakatwa. Mama yako nimemwambia yote. Ule uongo wa baridi ulimkasirisha kuliko ugonjwa wenyewe. Adelina, hata makombora ya Amini yalipoanguka huku wakati wa vita sikuogopa hivi. Siogopi kufa. Naogopa kurudi nyumbani, halafu mkawa mnaniita baba kwa adabu tu.

Baba yako,
Urbanus

Markham, 20 Mei 1999

Baba, Baba yangu,

Upo? Nurudin alirudi na chupa wiki ya Pasaka, pamoja na barua yako. Kashata alichomwa, na baada ya siku chache akakojoa kwenye zulia la sebuleni. Mama Tahera alicheka hadi akalia. Mimi nililia tu.

Tangu hapo, kimya. Simu ya parokia inaita, haipokelewi. Siwezi tena kufungua sanduku la barua, namwomba Mama Tahera anifungulie, na yeye miguu haimbebi vizuri. Kama upo, niandikie neno moja. Kama hupo, mwambie Mama asiniandikie.

Sijui ninachosema. Nijibu, Baba.

Mwanao,
Adelina

Kanyigo, 14 Juni 1999

Mwanangu Adelina,

Mimi sijambo. Kidonda kilitunga usaha, homa ikanilaza, mkono ukakataa kalamu. Mama yako alitaka kukuandikia nikamkataza. Niliona ukiuona mwandiko wake kwenye bahasha utazimia.

Sasa nakojoa kama watu. Jasho linanitoka ghafla hata asubuhi, na mama yako anasema vizuri, nami nionje aliyoyapitia yeye siku zake zilipokoma. Anacheka, halafu ananipepea.

Jana kicheche aliingia bandani. Niliinua fimbo, nikaishusha. Ameondoka na jogoo.

Mkia wa Kashata umeota manyoya? Msalimie sana Mama Tahera.

Ni mimi, baba yako.
Bado.