Sikio Moja Juu ya Paa

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekwama kweli, nisaidie mapema, kwa sababu mwisho wa mwezi mume wangu anapanda paa la ukumbi wa shule, refu kuliko yote aliyowahi kuezeka, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hafai kupanda, na nimeapa sitasema.

Mume wangu ni fundi wa kuezeka, anafanya kazi na kaka yangu mkubwa tangu kabla hajanioa, na wenzao wamembandika jina la Paka kwa sababu anatembea juu ya mbao za paa mikono mfukoni. Sasa yapata miaka miwili nikimsemesha hanijibu, hasa kitandani, mimi nalala kushoto kwake, naongea weee mpaka nakaukwa na mate, naye kimya, nikajua basi nimeshachokwa, nikahamia chumba cha watoto nikanuna, na yeye wala hakuuliza, alidhani nakimbia mkoromo wake. Simu nayo aliipeleka kwa fundi mara mbili kwamba spika imekufa, fundi akaisikiliza akamwambia simu nzima hii mzee, badilisha sikio, wakacheka wote. Na hilo sikio linamlilia muda wote kama redio iliyokosa stesheni, lakini waezekaji kwao huo si ugonjwa, wanasema bati linaimba, na fundi ambaye bati halimwimbii wanamwona bado mwanagenzi.

Juzi ndipo mambo yalipoharibika. Wakiwa kazini hawaitani kwa mdomo, maana nyundo kwenye bati inameza kila neno, kwa hiyo aliye juu akitaka kuangusha kipande anagonga mbao mara tatu, na aliye chini akisikia mlio uko upande gani anaondokea upande wa pili. Kaka akagonga, mume wangu akasikia vizuri kabisa, akaenda kulekule kwenye mlio, na kipande cha bati kikamchana mkono wa shati. Kaka alishuka mbio akamuuliza, "Shemeji, umekunywa?" kwa sababu tena siku hizi mume wangu giza likiingia anatembea miguu imeachana na kushikashika kuta, na majirani wameshaona. Mume wangu aliinama akaokota kile kipande cha bati. Basi kaka ameitisha kikao cha familia kuzungumzia ulevi wa mtu ambaye hata soda ya harusini humaliziwa na mwenzake.

Nikambana jikoni nikiosha vyombo, akanieleza. Alikwenda kwa daktari wa masikio peke yake, akaingizwa kachumba kasikopitisha sauti, akavishwa vidude masikioni, ikaonekana sikio la kushoto karibu lote limekwenda na la kulia ni zima. Daktari akamwandikia picha ya kichwa, ya ile mashine ambayo mtu analala ndani yake, akasema huenda kuna kauvimbe kwenye neva ya kusikia, na mume wangu aliposikia kichwa na uvimbe vimetajwa pamoja akachukua kofia yake akaondoka. Akaniambia, "Mke wangu, wakijua nimekwisha. Nani atampa kazi Paka anayeyumba? Niapie." Nikaapa, mikono imejaa povu.

Nikisema nimemsaliti, nikinyamaza nitakuwa mjane kwa kuufunga mdomo wangu mwenyewe, na kwenye kikao nitakaa nikisikiliza wakimwita mlevi. Nampenda huyu mtu. Nifanye nini?

Mke wa Paka

*

Mke wa Paka,

Pole sana, tena ya moyoni, ila usiipokee yote kwa sababu nina ya kukugombeza. Mume hasikii ukiwa kushoto kwake, basi ungehamia kulia kwake ujaribu, kabla ya kuhamia kwa watoto. Kununa hakujawahi kumpima mtu sikio. Haya, hilo tuliache.

Mimi si daktari. Barua yako nimemsomea daktari wa masikio ninayemwamini, naye hata sijafika kwenye habari ya kikao akanikatiza. "Nyundo hupiga masikio yote mawili," akasema. "Likifa moja tu, polepole, msilisingizie bati." Hapo ndipo mafundi wenu wanapokosea. Kelele za kazi huharibu kusikia kweli, lakini haziendi kuchagua la kushoto na kuliacha la kulia. Mnajivunia dalili.

Akanieleza hivi. Ndani kabisa ya sikio, mfupani, kuna viungo viwili vinavyokaa nyumba moja. Kimoja kimejiviringa kama konokono, hicho ni cha kusikia. Cha pili kina vipete vitatu vyenye maji. Kichwa kikigeuka maji yanacheza, na ndivyo mwili unavyojua kama uko wima au unaanguka. Nyuzi zinazotoka kwenye viungo hivyo huungana zikawa neva moja, ikapita kwenye tundu jembamba la mfupa kuelekea kwenye ubongo. Kitu kikiota mle tunduni, hata kama ni kidogo kama punje ya harage, kinaweza kubana kusikia na mizani ya mwili kwa pamoja. Mchana macho humsaidia mumeo kusimama sawasawa. Giza likiingia anabaki na ukuta. Na kujua mlio umetoka wapi kunataka masikio mawili, maana ubongo hulinganisha la huku na la kule. Mwenye moja anasikia, ila hajui akimbilie upande gani. Kwa hiyo hajalewa, na wala hajakuchoka.

Sasa ya kukutia moyo. Bila picha hakuna ajuaye, lakini uvimbe wa neva hiyo, kama upo, kwa kawaida si saratani. Hukua taratibu, mwingine hukaa miaka bila kuongezeka. Ukiwa mdogo madaktari mara nyingi huufuatilia tu kwa picha. Ukikua ipo mionzi, upo upasuaji. Hatari ni kuuacha mpaka ukausukuma ubongo. Kusikia kulikopotea huenda kusirudi, sikudanganyi. Mizani, hata hivyo, hufundishika: yapo mazoezi ya macho, shingo na miguu, na ubongo hujifunza kuutegemea upande uliobaki mzima. Daktari huyu ana mgonjwa aliyeletwa ameshikwa huku na huku na wanawe, na siku hizi anakuja peke yake, tena amechelewa, kama wagonjwa wote.

Kuhusu kiapo. Kiapo cha kuficha jambo litakalomuua mtu hakikufungi, ila usikivunje mgongoni kwake. Leo akirudi keti kulia kwake umwambie kwamba umeshindwa kukitunza, na kwamba unampa nafasi yeye mwenyewe amwambie kaka yako. Kikao kikifika hajasema, simama useme wewe, mbele yake. Atanuna. Fani hiyo unaijua, utamvumilia.

Kaka yako naye nina neno lake. Kwanza amwombe shemeji yake radhi. Pili, mpaka daktari atoe ruhusa, Paka hakanyagi ngazi. Kazi ya chini ipo tele, kupima na kukata mabati, na fundi wa miaka yote hiyo jicho lake bado ni lilelile. Tatu, hayo mambo ya kugonga mbao yaishe leo. Aliye juu asiangushe hata msumari mpaka aliye chini amemtazama na kuinua mkono. Hiyo itawafaa hata wenye masikio mawili. Na wote mjue, akianza kuumwa kichwa kusikokoma, kutapika, kuona vitu viwiliviwili, au uso kufa ganzi ama kulegea upande, msingoje miadi. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Mwisho ni wewe, Paka, maana najua utasomewa barua hii jikoni kwako. Umeuliza nani atakupa kazi ukiyumba. Mkeo hajauliza habari ya kazi hata mara moja. Wewe ukianguka, mafundi watampata Paka mwingine kabla ukumbi haujaisha, lakini nyumbani kwako nafasi hiyo haina mwombaji. Kesho asubuhi chukua karatasi ya daktari, mshike mkeo mkono, ukalale kwenye hiyo mashine. Yeye atakungoja mlangoni.