Fremu Nyeusi Uliyojichagulia

Papa Aline,

Miezi minne imepita tangu tukuzike, na kibanda chetu cha baiskeli bado kinafunguliwa kila asubuhi. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza kazi kwanza, salamu baadaye. Spana yako ya namba kumi na tano iko kwenye msumari wake. Kiti chako nakikalia mimi. Mgongo unaniuma, sijui ulikivumiliaje.

Siku hizi baiskeli za alumini zinaletwa kwa wingi kutoka Mbarara. Juzi mwanajeshi mmoja alileta yake, kiti kimegoma kupanda wala kushuka. "Fundi, hii ni alumini, haiwezi shika kutu!" Nikachungulia. Bomba la kiti ni la chuma, fremu ni ya alumini, na katikati yao unga mweupe umekaza kama saruji. Ulinifundisha kwamba alumini haina kutu nyekundu lakini ina ugonjwa wake, na huzidi pale inapogusana na chuma kwenye unyevu. Niliimwagia mafuta, nikaiacha siku mbili, kiti kikatoka. Nikapaka grisi kabla ya kukirudisha. Mwanajeshi alishangaa, nami nikajifanya nimezaliwa najua.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Aline amepata nafasi sekondari, na shule ni mbali. Mama yake alinijia na baiskeli yako nyeusi siku tatu kabla ya masomo kuanza. "Riziki, hii kinga, hii baiskeli, uipakie rangi, mutoto aende nayo ku masomo. Ni kitu ya baba yake." Nikamwambia ni kazi ya siku moja.

Unakumbuka tulivyozinunua kule Nyamitanga? Zilibaki mbili tu, zote za chuma. Nyeusi iling'aa, ya bluu ilikuwa imebambuka kama ina upele. Ulizigonga zote kwa spana, ukatega sikio. Kisha ukasema, "Mimi ni patron, ni mimi bosi, nachukua ya kungaa. Weye ubaki na hiyo mbaya." Nilinuna njia nzima. Kusema kweli, nilinuna miaka mitatu. Mizigo yote ya mihogo ulinipakia mimi, eti nina miguu ya nguvu, nami nikajiita punda wako mbele ya wateja. Na tukifika kwenye mteremko wa kwenda Rwekubo wewe ulishuka, ukasukuma baiskeli taratibu, huku mimi nikikupita mbio na kukupigia kelele kwamba uzee umekuingia. Ulicheka tu.

Basi, nikachukua msasa. Wewe ndiye uliyesema, "Rangi haiponyeshaka kutu," kwa hiyo nilianza kukwangua. Kwenye bomba la chini, lile linaloshuka kuelekea pedeli, nikakuta ule mpira wa tyubu uliouzungusha, uliotuambia ni wa kushikia pampu. Nikaufungua. Chini yake palikuwa na kipande cha bati la kopo la mafuta, kimekazwa kwa waya, ncha zake zimekunjwa ndani. Ni wewe peke yako unayekunja hivyo, zisichane suruali. Chini ya bati palikuwa na tundu. Kidole changu kiliingia. Kutu ilikuwa imelila bomba kutoka ndani, ikamwagika mkononi mwangu nyekundu kama udongo wa barabarani.

Nikagonga fremu yangu ya bluu. Ililia kama kengele. Nikagonga yako, ikatoa sauti ya kopo.

Ulijua tangu Nyamitanga kwamba mbovu ni nyeusi, ukaniachia nzima. Nililia, Papa Aline, tena kwa hasira. Ungenieleza! Lakini ungenieleza ningekataa, na hilo nalo ulilijua. Asante ya punda ni mateke, na punda ndiye mimi. Nisamehe kwa kila kicheko kwenye ule mteremko.

Nilifikiria kuficha. Ningeweza kuchomelea kiraka, nikapaka rangi mbili juu, Mama Aline akafurahi. Lakini juu yake angekaa mtoto wako. Nikamwita mama, nikamshika kidole, nikakiingiza kwenye tundu. Akasema, "Ndiyo maana alikuwa anashukaka kilima na miguu. Mimi nilizania ni magoti."

Nikampa Aline ile ya bluu. Akanuna: rangi mbaya, na si ya baba. Sikubishana naye. Nilimpa spana yako, nikamwambia agonge zote mbili. Akagonga, akatega sikio kama wewe, akarudia. Kisha akaanza kufuta vumbi kwenye ya bluu kwa kitambaa cha sketi yake.

Nyeusi nimeikata vipande kwa msumeno, asije mtu akaipaka rangi na kuiuza tena. Ule mpira ninao.

Jumatatu nilimsindikiza. Pale juu ya mteremko aligeuka kuniangalia, kisha akashuka nayo mbio, sketi inapepea, hakukanyaga chini hadi Rwekubo. Mimi nilikuwa nyuma, kwa miguu.

Pumzika, patron. Kila Jumamosi nitaigonga ile fremu mwenyewe, na siku itakapotoa sauti ya kopo, Aline atakuwa wa kwanza kuambiwa.

Riziki wako